Kutoka Zanzibar mpaka unakokwenda: namna ya kujua mwenyewe ndege itaruka kilomita ngapi na itachukua masaa mangapi

Asalaam aleikum jamani. Kila ukifika msimu wa hijja na umra, au watoto walioko Maskati na Uingereza wakiwakatia wazee wao tiketi, simu yangu haitulii, na suali ni lile lile, eti Unguja mpaka pahala fulani ni masaa mangapi kwa ndege. Nimejibu mpaka nikaona bora niandike kitu kimoja kirefu, mtu akae nacho na kalamu na kalkuleta ya simu, ajipigie hesabu mwenyewe.

Na nina sababu yangu ya ndani. Mama alipokwenda Maskati kumuona mjukuu wake wa kwanza, ejenti aliyemkatia tiketi (simtaji) alimwambia "masaa matano tu bi mkubwa, unalala unaamka umefika". Mama ana sukari. Akafunga dawa na vitu vya kula vya masaa matano kwenye mkoba, sanduku kubwa likaenda chini ya ndege, kumbe tiketi ile inapita mji mwengine na pale kati anasubiri masaa saba. Alifika hoi, na mimi nipo nyumbani Unguja sijui chochote, nnahesabu tu masaa matano yamepita na sita na saba na hakuna anayepokea simu. Sasa yale masaa matano hayakuwa uongo, ndio muda wa ndege inayokwenda moja kwa moja. Ila sio ya mama. Tokea siku hiyo nikasema sitomuachia mtu mwengine hesabu hii.

Kwa hiyo kwanza tuelewane, kuna vitu vinne watu wanavichanganya. Kuna umbali wa angani, yaani kilomita kutoka kiwanja mpaka kiwanja. Kuna muda wa kuruka, ndege iko hewani masaa mangapi. Kuna muda wa tiketi, tangu ndege ya mwanzo inaondoka mpaka ya mwisho inafika, pamoja na kusubiri transiti. Halafu kuna safari yenyewe, tangu umefunga mlango wako Mwembetanga mpaka umegonga mlango wa watu kule. Ukiulizwa "masaa mangapi" uliza kwanza anataka lipi katika haya.

Hatua ya kwanza: jua kiwanja, sio mji tu

Kila kiwanja kina herufi tatu na zimeandikwa kwenye tiketi. Chetu cha Abeid Amani Karume pale Kisauni ni ZNZ. Pemba, kile cha Chake, ni PMA. Dar ni DAR, Nairobi NBO, Maskati MCT, Jeddah JED, Addis Ababa ADD, Doha DOH.

Herufi hizi usizidharau. Wapemba khasa nawaambia, ukiandika "Pemba" kwenye mtandao wa kutafuta tiketi unaweza ukaletewa POL, na POL ni Pemba ya Msumbiji, mji mwengine kabisa kusini huko. Unaona bei, unaona masaa, unashangaa mbona hivi, kumbe sio Chake Chake. Yako ni PMA. Na miji mikubwa ina viwanja zaidi ya kimoja, Dubai kuna DXB na DWC, Istanbul kuna IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia, London ndio usiseme. Ukishuka kimoja na ndege ya pili inaondokea chengine basi hapo katikati kuna safari ya gari, na hiyo hakuna anayekuhesabia.

Hatua ya pili: tafuta kiwanja kimekaa wapi kwenye dunia

Hapa ndio tunarudi skuli kidogo, somo la jiografia. Latitudo inakwambia uko juu au chini ya Ikweta kwa digrii ngapi, longitudo inakwambia uko mashariki au magharibi ya ule mstari wa Greenwich kwa digrii ngapi. Kwenye ramani ya simu bonyeza kidole pale kwenye kiwanja ukishikilie mpaka kialama kitoke, namba mbili zitatokea.

Uwanja wetu ni kama 6.22 kusini na 39.22 mashariki. Chake Chake ni 5.26 kusini na 39.81 mashariki. Dar ni 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Jeddah 21.68 kaskazini na 39.16 mashariki. Maskati 23.59 kaskazini na 58.28 mashariki.

Kitu cha kushika ni kimoja. Digrii moja ya latitudo ina dakika 60, na dakika moja ni maili moja ya baharini, ile ile wanayotumia manahodha, kilomita 1.852. Kwa hiyo digrii moja ni maili 60, kama kilomita 111. Ndio maana ndege na boti zote kasi yao inatajwa kwa noti, noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Mtu aliyekulia kwenye vyombo hapa kwetu hesabu ya ndege haimpi tabu hata kidogo, ni bahari ile ile ila juu.

Hatua ya tatu: anza na Jeddah, ndio hesabu nyepesi kuliko zote

Tizama tena hizo namba. Zanzibar 39.22 mashariki, Jeddah 39.16 mashariki. Unaona? Ni mstari mmoja! Jeddah iko juu yetu moja kwa moja, huendi kulia huendi kushoto. Na hili wazee wetu wamelijua kabla ya satalaiti, kwa sababu Makka nayo iko kama 39.8, ndio maana misikiti yetu yote mihirabu inatizama kaskazini na Kiswahili chetu cha pwani mtu akikwambia "upande wa kibla" amekwambia kaskazini. Kila nikiifikiria hii moyo unanifurahi, unaposimama kusali Unguja umeelekea kule kule ndege ya mahujaji inakoelekea.

Sasa hesabu. Sisi tuko kusini ya Ikweta digrii 6.22, wao wako kaskazini digrii 21.68. Mkiwa pande tofauti za Ikweta unajumlisha, mkiwa upande mmoja unatoa. 6.22 na 21.68 ni 27.90. Zidisha kwa 111. Unapata kama kilomita 3,100. Basi, umemaliza, hakuna fomula.

Dar hivyo hivyo, longitudo karibu sawa, sote tuko kusini, toa 6.22 kwenye 6.88, inabaki 0.66, mara 111 ni kama kilomita 73. Addis Ababa nayo iko 8.98 kaskazini na 38.80 mashariki, karibu mstari ule ule, jumlisha 6.22 unapata 15.20, kama kilomita 1,690. Hii ya Addis ishike vizuri tutaihitaji kwenye transiti.

Hatua ya nne: sehemu iliyokaa kwa mshazari

Pemba haiko juu yetu moja kwa moja, imeenda kulia kidogo. Hapa unatumia ile pembetatu ya skuli. Tofauti ya latitudo, 6.22 toa 5.26, ni 0.96. Tofauti ya longitudo, 39.81 toa 39.22, ni 0.59. Kila moja izidishe yenyewe kwa yenyewe, 0.92 na 0.35, jumlisha 1.27, tafuta kipeuo cha pili chake, inakuja kama 1.13, mara 111, kilomita 125. Huo ndio umbali wa Kisauni mpaka Chake kwa juu.

Lakini kuna jambo. Digrii za longitudo hazina urefu mmoja. Kwetu karibu na Ikweta ni ndefu, kama 111 hizo hizo, ila ukipanda kuelekea kaskazini zinabanana mpaka kwenye ncha zinakutana zote, mfano wa vipande vya chungwa. Kwa hiyo kwa Pemba, Mombasa, Nairobi unaweza kufanya hivi bila ya wasiwasi, ukienda mbali hesabu inaanza kukudanganya. Nimejaribu kwa London, hata baada ya kuzipunguza longitudo, pembetatu imenizidishia zaidi ya kilomita 150.

Ya mbali inataka fomula ya duara, kwa sababu njia fupi juu ya tufe ni kama ungeshika uzi ukauvuta juu ya mpira kutoka mji mpaka mji, na huo uzi ukiuchora kwenye ramani ya ukutani unaonekana umepinda. Watu wanaona kwenye kioo cha ndege njia imepinda wanadhani rubani anazunguka, hazunguki, ramani ndio bapa.

Fomula nnayotumia mimi ni hii, tufanye na Maskati. Laza simu ubavu ili kalkuleta itoe sin na cos, na hakikisha iko kwenye DEG, sio RAD, wengi wanaharibikiwa hapa tu wakaona jibu la ajabu wakakata tamaa. Kusini weka alama ya kutoa mbele.

Chukua sin ya latitudo yetu, -6.22, zidisha kwa sin ya latitudo ya Maskati, 23.59. Unapata -0.0434. Iandike pembeni. Halafu cos ya -6.22, mara cos ya 23.59, mara cos ya tofauti ya longitudo, 58.28 toa 39.22 yaani 19.06. Unapata 0.8611. Jumlisha zote mbili, 0.8177. Sasa bonyeza cos ile ya kinyume, yenye kialama cha -1 juu yake, inakuja digrii 35.14. Zidisha kwa 111.2, ni kama kilomita 3,908. Au mara 60 kama unataka maili za baharini, 2,108.

Ukifanya hivyo hivyo na Dubai, 25.25 kaskazini na 55.36 mashariki, utashangaa, inakuja kilomita 3,911. Maskati na Dubai kutoka kwetu ni sawasawa, zimepishana kilomita tatu! Watu wanabishana barazani ipi karibu, basi ndio hiyo. Doha iko karibu kidogo, kama 3,750. Istanbul kama 5,390. London Heathrow kama 7,440. Nairobi 600.

Kama hutaki hesabu hizi, kwenye Google Maps baada ya kubonyeza kile kialama kuna pahala pa kupima umbali, unaburura mpaka mji wa pili. Itakupa jibu la njia fupi. Mimi bado napenda kupiga mwenyewe mara ya kwanza, kwa sababu ukishaipiga kwa mkono siku ya pili mtu akikutajia kilomita za uongo unashtuka palepale.

Hatua ya tano: geuza kilomita ziwe masaa

Hapa ujue ndege gani. Caravan ndogo zile za propela moja zinazokwenda Pemba na Dar, weka kilomita 300 kwa saa. ATR za propela mbili weka 500. Jeti za kawaida, Boeing 737 na Airbus A320, weka 850. Zile kubwa zenye viti mistari mitatu, weka 900.

Halafu mambo mawili usiyasahau. La kwanza ndege haifuati uzi sawasawa, kuna njia za angani zilizopangwa, kuna anga za nchi zilizofungwa, kuna mawingu ya radi inabidi yazungukwe, mimi naongeza asilimia tano kwenye umbali. La pili ndege haitoki na kasi yake yote. Inatambaa mpaka mwanzo wa njia, inapanda, na chini ya futi 10,000 ndege nyingi hazizidi noti 250, kama kilomita 460 kwa saa. Kushuka nako ni hivyo hivyo, jeti iliyoko futi 35,000 inaanza kuteremka kama kilomita 200 kabla ya kufika, ndio maana unasikia masikio yanaziba na nusu saa nzima bado hujagusa chini. Kwa hiyo jeti ongeza nusu saa, ndogo hizi ongeza dakika kumi.

Maskati moja kwa moja: 3,908 ongeza asilimia tano, kama 4,100. Gawa kwa 850. Ni masaa 4 na dakika 50. Ongeza nusu saa, masaa matano na dakika ishirini. Jeddah moja kwa moja inakuja masaa manne na dakika ishirini. Nairobi kwa jeti saa moja na robo. Istanbul masaa saba na dakika kumi. Pemba kwa Caravan, 125 kwa 300 ni dakika 25, na kumi zako, dakika 35, mara nyingi inafika kabla.

Dar ni dakika 15 za kuruka na kumi za kutoka na kutua. Boti inakwenda kama masaa mawili kasoro. Lakini hesabu pia kwenda Kisauni mapema, na ukishuka Dar uko kule uwanjani mbali na mjini na ile foleni, wakati boti inakushusha katikati ya mji. Kwa mtu anayekwenda Kariakoo mimi namwambia boti. Kwa mtu anayeunganisha na ndege nyengine pale pale uwanjani Dar, panda ndege.

Hatua ya sita: upepo

Hapa Unguja tumezoea kaskazi na kusi, na watu wananiuliza kama kusi inaichelewesha ndege. Kwa ndege kubwa, zile pepo ni za chini, kule futi 35,000 kuna pepo nyengine. Ila kusi na kaskazi zina kazi yake hapa nyumbani, ndege inatua na kuruka ikiuelekea upepo, na njia ya kurukia yetu imelazwa kaskazini kusini. Kwa hiyo wakati wa kaskazi utaiona inaingia kwa upande wa kusini, kusi ikivuma inaingia kutokea kaskazini kwa upande wa mjini. Anayetoka Dar siku ya kusi inabidi atupite kwanza halafu arudi, dakika chache zinaongezeka.

Upepo mkubwa wa juu ni ule unaotoka magharibi kwenda mashariki, mbali na Ikweta. Miezi ya Disemba mpaka Februari unapita mpaka juu ya Bara Arabu. Hesabu yake ni rahisi, ndege ya 850 ikipata upepo wa 100 mgongoni inakwenda 950 juu ya ardhi, ukiwa usoni inakwenda 750. Mfano wanaoutumia wengi ni London na New York, kilomita kama 5,540 kwenda na kurudi ni zile zile, lakini kurudi London ni kasoro ya saa moja hivi au zaidi. Sisi safari zetu nyingi ni kwenda juu na kushuka, kaskazini kusini, upepo unatupiga ubavuni zaidi, kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi sio kubwa, robo saa, dakika ishirini. Usiumize kichwa.

Hatua ya saba: saa. Hapa ndio watu wanapopoteza ndege

Soma pole pole tafadhali.

Tiketi inaandika saa za pale pale. Saa ya kuondoka ni ya Zanzibar, saa ya kufika ni ya kule unakokwenda. Saudia, Qatar, Uturuki, Ethiopia na Kenya wote saa yao ni moja na yetu. Oman na Dubai wametutangulia saa moja. Uingereza wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi, mawili wakati wa joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba.

Kwa hiyo ukitaka muda wa kweli, toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, halafu kama kule wametutangulia punguza, kama wako nyuma ongeza. Tuseme tiketi inasema unaondoka Zanzibar 17:00 unafika Maskati 23:15. Ukiangalia ni masaa sita na robo, punguza saa moja ya Oman, ni matano na robo. Imelingana na hesabu yetu ya juu, basi hiyo ni ya moja kwa moja. Ingekuwa kumi na tatu ujue kuna transiti hata kama hukuambiwa. Tuseme nyengine, unaondoka 16:00 unafika London 06:30 ya kesho yake wakati wa baridi. Tofauti ni masaa 14 na nusu, ongeza matatu, ni 17 na nusu.

Sasa saa zetu za Kiswahili. Tiketi inaanza kuhesabu saa sita ya usiku. 16:00 ni saa kumi jioni, 03:15 ni saa tisa na robo usiku, hilo wengi wanalijua. Tatizo ni siku. Sisi siku yetu inaingia magharibi, mkubwa akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule usiku wa kuamkia Ijumaa, vijana wanauita Alhamisi usiku. Tiketi haifuati yeyote kati ya hawa, tiketi inabadilisha siku saa sita ya usiku.

Ami yangu tiketi yake iliandikwa Jumamosi 00:40. Yeye akasoma Jumamosi, saa sita na dakika arubaini usiku, Jumamosi mchana kutwa akawaaga watu, akala cha usiku na wanawe, saa nne akaingia Kisauni na sanduku lake. Ndege yake ilikuwa imeondoka tokea usiku wa kuamkia siku ile. Mzee wa miaka sabini alikaa pale kwenye kiti hakusema neno, na mimi nilikuwepo, sijaisahau ile sura.

Basi ikiwa tiketi inaanza na 00, 01, 02 mpaka 04, chukua kalamu andika juu yake kwa mkono: usiku wa kuamkia siku fulani, na siku ya kutoka nyumbani ni siku iliyotangulia. Ya ami ilitakiwa iandikwe "toka nyumbani Ijumaa baada ya isha".

Hatua ya nane: transiti

Sehemu nyingi hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu au bei yake haishikiki, kwa hiyo unapita pahala. Sio kila pahala pa kupita ni sawa, na hapa ndipo zile kilomita zinapokufaa.

Chukua Jeddah tena. Moja kwa moja ni 3,100. Ukipitia Addis, 1,690 na halafu Addis mpaka Jeddah kama 1,410, jumla 3,100. Hukuongeza kitu! Kwa sababu Addis iko pale pale kwenye mstari, wewe unapanda kuelekea kibla na yeye yuko njiani. Ukipitia Dubai, 3,911 na halafu unarudi magharibi 1,700, jumla kama 5,610. Umeruka kilomita 2,500 za ziada, zaidi ya masaa mawili na nusu hewani, na mtu ana miaka yake sabini na miguu inavimba.

Kwa Maskati mambo yanageuka. Kupitia Dubai inakuja kama 4,260, kupitia Addis kama 4,320, kupitia Doha 4,450, hazikupishana sana, kwa hiyo hapo usiangalie kilomita, angalia masaa ya kusubiri. Kwa London kupitia Doha ni kama 8,970 badala ya 7,440, hewani jumla masaa kama kumi na mbili, ongeza kusubiri kwako.

Kusubiri mimi nnasema hivi. Chini ya saa moja na nusu simkatii mzee, ndege ya mwanzo ikichelewa nusu saa tu anaanza kukimbizwa kwenye kiwanja asichokijua na lugha asiyoijua. Mawili mpaka manne ni vizuri, anapata kusali, kunyoosha miguu, kula. Zaidi ya sita uliza kabla ya kulipa kama kuna pahala pa kulala, na uliza kama tiketi zote mbili ziko chini ya namba moja ya bukingi, kwa sababu kama ni tiketi mbili mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili haikungoji.

Mwenye sukari, presha, mama mwenye mtoto mchanga, dawa na chakula vihesabiwe kwa muda wa tiketi nzima na juu yake ongeza nusu siku, na viwe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku. Mwenye sindano za sukari anayevuka majira akamuone daktari wake kabla aulize azipange vipi, hilo sio la kuuliza jirani. Na anayefunga ajue juu ya ndege magharibi haiingii kwa saa ya Unguja, unafuata jua la pale ulipo.

Hatua ya tisa: mlango kwa mlango

Ndege za nje fika Kisauni masaa matatu kabla. Ndege ndogo za ndani wanakwambia saa moja, mimi nakwenda saa na nusu. Unatoka Nungwi au Makunduchi ongeza saa na nusu ya barabara, sio wewe uliyeko Kiembesamaki unayeisikia ndege kutoka kitandani.

Watu wa Pemba, ndege ya nje ikiwa inaondoka Unguja usiku usijitegemezee ile ya mwisho ya jioni kutoka Chake, mvua ya masika ikishuka tu umekwama. Vuka jana yake, lala kwa jamaa.

Na kwa wanaokwenda kupokea, saa ya kutua sio saa ya kutoka. Kuna pasipoti, kuna mizigo, weka saa nzima. Ukitaka kujua ndege iko wapi sasa hivi andika namba ya ndege ile iliyoandikwa kwenye tiketi, kwenye Flightradar24, utaiona inatembea, na ikiwa imebakisha kama kilomita 200 ndio imeanza kushuka, hapo washa gari.

Mama amekwenda tena Maskati mwaka jana. Safari hii nilimuandikia karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika nyuma ya pasipoti yake, na nyengine kama hiyo nikampa dada anayempokea na nyengine ikabaki kwangu ukutani. Iliandikwa hivi:

"Toka nyumbani Jumanne baada ya l'asiri. Ndege ya kwanza masaa mawili na nusu. Shuka, subiri masaa matatu, kula hapa, dawa ya usiku hapa. Ndege ya pili masaa manne. Ukishuka saa yako isogeze mbele saa moja. Mwanao yuko nje ya mlango, usitoke na mtu mwengine."

Aliitoa njia nzima akawa anatia alama kwa kalamu kila alipomaliza mstari, na nilipompigia alikuwa keshakaa anakunywa kahawa.